Mkato wa Mshazari: Nilivyoiandikisha Mashine Yangu ya Kufua Nazi

Juzi Jumamosi alinijia kijana mmoja bandani kwangu, hapa Mtwapa. Akaniamkia vizuri, akakaa juu ya lile tairi kuukuu ambalo ndilo kiti changu cha wageni, akatoa simu. Ametengeneza kikamulio cha tui, cha kuzungusha kwa mkono, na kusema kweli kazi yake ni safi. Machicha yanatoka makavu kama unga wa mbao.

"Mzee, nataka kuichukulia hakimiliki."

Nikamwuliza swali lilelile nililoulizwa mimi mwaka 2019: "Umeshamwonyesha nani?"

Akacheka. "Watu elfu sita, mzee. Niko TikTok."

Sikumcheka. Mimi kosa lake nililifanya kabla yake, tena bila simu. Nimeona afadhali niyaandike haya niliyomweleza siku ile, maana si wa kwanza kuja, na hadithi nimeichoka kuisimulia huku mashine ya kuchomelea inanisubiri.

Neno kwanza. Hakimiliki ni ya maandishi, nyimbo, picha na programu za kompyuta, na ina sheria yake na ofisi yake. Jina na nembo ni alama ya biashara. Chombo kinachofanya kazi kwa namna ambayo hakuna aliyeifanya kabla, hicho ndicho chenye hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasikitengeneze wala kukiuza bila ruhusa yako, na mlango wake ni KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwanda, Nairobi. Mlango huo wenyewe si wa zamani. Mkenya aliyebuni kitu mwaka 1985 ilimbidi apate hataza Uingereza kwanza, ndipo aje kuiandikisha hapa. Ofisi yetu wenyewe tuliipata 1990, na sheria tunayoitumia sasa, Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, ilianza kazi Mei 2002. Marehemu baba, ambaye alibuni vitu vingi kuliko mimi, hakuwa na pa kwenda. Mtego wake wa panya wa kopo la mafuta umetapakaa hadi Gongoni, na hakuna anayejua ni wake.

Sasa mashine.

Asiyekulia pwani huenda hajui kifuo. Ni mti au chuma chenye ncha kilichosimikwa ardhini. Unaishika nazi kwa mikono miwili, unaipiga juu ya ncha, unaibinya, unaisokota, kumbi linabanduka. Mfuaji hodari atakumalizia nazi kwa mapigo matatu manne huku anapiga soga. Asiye hodari hutoboa kiganja. Shemeji yangu ana kovu la kutoka kidole cha shahada mpaka karibu na kifundo cha mkono, na lile kovu ndilo lililonitia kazini. (Na lugha yetu ina mambo: nafua chuma mchana kutwa ili watu wafue nazi, na jioni mke wangu ananikumbusha kwamba nguo zangu nazo zina wa kuzifua.)

Mashine ya kwanza niliitengeneza 2016. Kanyagio chini, taya mbili juu. Unaichomeka nazi kwenye taya zikiwa zimefumbana, unakanyaga, taya zinapanuka, kumbi linapasuka. Nilijiona mvumbuzi mkubwa. Baadaye, nilipofundishwa kutafuta kwenye Patentscope na Espacenet, hazina mbili za hataza zilizo wazi bure kwenye mtandao, nikakuta Wahindi wamenitangulia zamani. Kerala wana kifaa cha wenzo kiitwacho Keramithra, kimetoka Chuo Kikuu cha Kilimo cha huko, na kazi yake ni hiyohiyo: kuchoma kumbi na kulipanua. Nikakuta na vingine, vya mkono na vya mota. Upya unapimwa kwa dunia nzima. Hata kama Mtwapa nzima haijawahi kukiona, kikiwa kimeonekana Kochi, huko Kerala, si kipya.

Lakini ile ya 2016 ilikuwa na kasoro iliyoniudhi, na kasoro hiyo ndiyo iliyoniokoa. Nazi zikiwa mbichimbichi, zile zilizopita ukoroma majuzi tu, kumbi lilikuwa linapanuka halafu linarudi kama mpira. Halibanduki. Nikamwita mzee mmoja mfuaji, nikamkalisha kwenye kifuo chake, nikamwangalia mikono asubuhi nzima. Ndipo nikaona kitu ambacho nimekiona tangu utotoni bila kukitazama: yule mzee havuti. Anasokota. Kuvuta ni kidogo sana. Kazi yote iko kwenye ule msokoto wa kifundo cha mkono.

Ikanichukua karibu mwaka mzima kuipata njia ya kumfanya chuma asokote. Jawabu likawa kipande cha bomba chenye mkato wa mshazari ubavuni, na ndani ya mkato, pini. Ukikanyaga, bomba linateremka. Pini haina pa kwenda ila kuufuata mkato. Taya zinazunguka huku zinapanuka. Hakuna mota, hakuna gia. Kipande chenyewe ukikiona chini ya meza utadhani ni takataka.

Mwaka 2018 nikaipeleka kwenye maonyesho ya kilimo ya Mombasa, pale Mkomani. Siku zote za maonyesho nilifua nazi mbele za watu, nikawaelezea, nikawafungulia kifuniko waone ndani. Wengine walipiga picha. Nilifurahi mno. Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi alisimama mpaka watu wakapungua, akaniuliza, "Fundi, umeshaombea hataza?" Nikamwambia bado, nitaona. Akatikisa kichwa, akanipa namba yake. Namba ile nikaikumbuka miezi mingi baadaye.

Alichonieleza ni hiki. Ukishakitoa kitu hadharani, kimekuwa mali ya watu. Upya umeondoka, na umeuondoa wewe mwenyewe. Kifungu cha 23 cha sheria yetu kina huruma: kama aliyekitoa ni muombaji mwenyewe, au mtu aliyemdhulumu, na haijapita miezi 12 mpaka siku ya kuomba, haihesabiwi. Usiitegemee huruma hiyo ukivuka mipaka. Ofisi ya Ulaya, kwa mfano, haikupi. Ukionyesha leo ukaomba kesho, umechelewa. Kwangu mimi Ulaya haina minazi, kwa hiyo sikulia. Ila miezi tisa ilikuwa imeshakwenda.

Yule kijana wa TikTok ana miezi miwili tu tangu video ya kwanza. Nikamwambia aiache ilivyo, asiifute, maana tarehe ile sasa ni ushahidi wake, na asiongeze nyingine hata moja.

Nikapanda treni ya asubuhi Miritini. Kutoka stesheni ya Nairobi nikashika matatu ya Barabara ya Mombasa, nikashuka Bellevue, nikaingia South C kwa miguu mpaka Barabara ya Popo. Nilikuwa na mashine ndogo ya mfano ndani ya gunia, na mlinzi getini akaniuliza kama nimeleta kuku. Ile mashine hakuna aliyeitaka. Wanachotaka ni karatasi: fomu ya ombi, maelezo ya uvumbuzi, madai (yaani sentensi zinazotaja hasa unachotaka kukimiliki), michoro na muhtasari.

Mkazi wa Kenya halazimiki kuwa na wakala, na mimi nilikuwa nimejiandikia mwenyewe. Bahati yangu, yule mwalimu alikuwa amenipangia nionane na wakala wa hataza, mama mmoja aliyesomea uhandisi kabla ya sheria. Akasoma madai yangu, akavua miwani.

Dai langu la kwanza, nikilirudisha Kiswahili, lilisema hivi: mashine imara ya kufua nazi, ya chuma, yenye miguu minne, kanyagio moja, springi mbili, taya tatu, na bomba lenye mkato wa mshazari na pini ya milimita 10, inayofua nazi haraka bila kumuumiza mfuaji. Nilijua nimeandika kila kitu. Nilidhani kadiri unavyotaja vitu vingi ndivyo unavyomiliki vingi.

"Mzee wangu," akasema, "mtu akitengeneza hii hii yenye miguu mitatu, atakuwa amekuibia?"

"Ndiyo!"

"Hapana. Wewe umedai yenye minne."

Hapo ndipo nilipofunuliwa macho. Anayevunja hataza ni yule aliyechukua kila kilichotajwa ndani ya dai. Akipunguza kimoja tu, ametoka. Kwa hiyo kila neno nililoongeza kwa fahari lilikuwa tundu kwenye ua wangu. Springi mbili: mwizi ataweka moja, au atatumia uzito wa jiwe. Taya tatu: ataweka mbili. Chuma: kuna plastiki ngumu siku hizi. "Imara" na "haraka" ni sifa za sokoni. Hakimu atazipima kwa nini?

Akafanya kitu ambacho tangu siku hiyo nakifanya na kila anayenijia. Akafunga faili, akasema, "Sasa tuwe wezi. Wewe ndiye unayejua chuma. Nikikupa pesa uiibe mashine yako, utaibadilisha wapi ionekane nyingine?" Tukaiba mchana kutwa. Niliiba kwa mnyororo, niliiba kwa kamba, niliugeuza mkato ukawa kwenye fimbo ya ndani badala ya bomba la nje. Nilipofika kwenye pini nikasema, "Pini naitoa, naweka beringi ndogo, inateleza vizuri zaidi." Akaandika. Lile neno "pini" likafutwa, likaingia "kipande kinachoufuata mkato". Wakati ule niliona ni maneno ya kiofisi tu.

Jioni dai la kwanza lilikuwa limebaki mistari miwili: kifaa cha kufua nazi chenye taya zisizopungua mbili za kuingia kwenye kumbi, na njia ya kuzifanya zizunguke wakati uleule zinapopanuka. Basi. Chini yake madai mengine yanashuka kama vidato vya ngazi. La pili linasema njia hiyo ni mkato wa mshazari na kipande kinachoufuata. La tatu linaongeza kanyagio. La nne, springi. La juu likivunjika, unasimama kwenye la chini yake.

Tulibishana jambo moja. Nilitaka kuificha pembe ya ule mkato. Nimepasua mabomba mangapi mpaka nikaipata, nyuzi 35. Ikizidi pini inakwama, ikipungua taya hazisokoti. Akakataa katakata. Maelezo lazima yamtosheleze fundi mwingine wa kazi hiyohiyo kukitengeneza akiyasoma. Serikali inakupa miaka, wewe unautoa ujuzi. Ombi la hataza hutangazwa baada ya miezi 18, na yeyote anaweza kulisoma. Anayetaka siri akae na siri yake, lakini kitu kinachofunguka kwa spana ya 13 kina siri gani?

Halafu akaniuliza kama naweza kumeza fahari. Hataza ni miaka 20 tangu siku ya kuomba, lakini inataka mambo matatu: kitu kiwe kipya, kiweze kutengenezwa au kutumika viwandani, na kiwe na hatua ya ubunifu, yaani fundi wa kawaida asingekifikia kwa urahisi tu. Hilo la mwisho lilimtia shaka. Mkato na pini ni maarifa ya kale ya mashine. Mkaguzi wa KIPI anaweza kusema nimechukua la huku nikaweka huku. Upo mlango wa pili, yutiliti modeli, mimi naiita hataza ndogo. Yenyewe inataka upya na matumizi ya viwandani tu. Unapewa miaka 10 tangu kutolewa cheti, haiongezwi. Na ukianza na mlango mmoja, sheria inakuruhusu kuhamia wa pili kabla ya kupewa.

Sikulala vizuri usiku ule kwa binamu yangu, mtaa wa Umoja. Neno "ndogo" lilinikereketa. Asubuhi nikahesabu: nina miaka 52, mashine yenyewe miaka kumi ijayo atakuja mtu na nzuri zaidi, pengine mimi mwenyewe. Nikachukua ndogo. Tukaingiza ombi Juni 2019.

Na mkaguzi akaja kweli. Barua yake ilitaja hati ya kigeni ya mashine inayozungusha taya kwa gia na mota. Dai langu la kwanza, lile la mistari miwili nililolipenda kama mtoto, likaanguka pale pale: kuzunguka na kupanuka kwa pamoja si kupya. Tukashuka kidato kimoja. La kwanza na la pili yakaunganishwa: kuzunguka kwa mkato wa mshazari na kipande kinachoufuata. Kwa hiyo mimi similiki mashine ya kufua nazi, wala similiki wazo la kusokota. Namiliki mkato. Cheti kilitoka 2021.

Hapo yule kijana aliniuliza kuhusu Tanga, ana wateja wa tui huko. Karatasi ya KIPI inaishia Lunga Lunga, mpakani. Fundi wa Tanga anaweza kuitengeneza mashine yangu akaiuza Muheza na sina la kusema. Akiivusha kuja kuiuza Ukunda, hapo ninalo. Kama kijana angetaka ulinzi wa pande zote angeomba BRELA, wakala wa usajili wa huko, kwa Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao. Au angepitia ARIPO, shirika la mali ya ubunifu la nchi kadhaa za Afrika, kule Harare, ombi moja akichagua nchi. Kila njia ina ada zake, na ada hizo zilinirudisha Mtwapa haraka sana.

Nikamwuliza pia kama ameajiriwa. Mpwa wangu alibuni kitu kizuri akiwa kiwandani, kwa vyuma vya kiwanda na saa za kiwanda, akashangaa alipoambiwa si chake. Mkataba wa kazi yake haukumtaka abuni lolote, lakini sheria inaangalia vilevile kama ulitumia vifaa na taarifa za mwajiri. Mwajiri anaweza kudaiwa malipo ya haki. Mpwa wangu hakudai. Aliacha kazi kwa hasira, jambo ambalo si njia ya kudai.

Mwaka 2022 mteja kutoka upande wa Kwale aliniletea mashine niichomelee mguu. Ilipakwa rangi nyekundu, ina miguu mitatu, taya mbili, haina springi hata moja. Inarudishwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa kama uzito. Nilifikiri ni ya Kihindi. Nikafungua kifuniko. Bomba, mkato, na ndani ya mkato beringi ndogo inayong'aa.

Nilikaa kwenye tairi nikacheka peke yangu. Mwizi tuliyemtunga mimi na yule mama South C alikuwa ametokea, na beringi yake mkononi.

Hasira zilikuja baadaye. Watu waliniambia nenda polisi, nenda mahakamani. Njia zipo: kuna Baraza la kuamua kesi za mali ya viwanda, na anayevunja kwa makusudi ana kosa la jinai. Lakini hataza ni mbwa asiye na macho. Habweki mpaka mwenyewe umwonyeshe mwizi, na chakula chake ni pesa yako. Wanaofuatilia mambo haya wanakumbuka kampuni ya Sanitam na pipa lake la kukanyaga kwa mguu, lenye hataza ya ARIPO. Kesi zake dhidi ya washindani zilipanda mpaka Mahakama ya Rufani. Kampuni inaweza. Banda la mtu na vijana wawili haliwezi.

Wakala akaandika barua moja, ukurasa mmoja, na nakala ya cheti. Baada ya wiki tatu fundi mwenyewe akaja, mtu wa makamo kama mimi, amevaa shati la kutokea, amebeba embe kwenye mfuko. Akasema aliiona Mkomani mwaka ule, akapiga picha. Hakujua kwamba kitu cha bandani kinaweza kuandikishwa. Nilimwamini, maana mimi pia sikujua. Tena beringi yake, haki ya Mungu, inateleza kuliko pini yangu, na nilimwambia hivyo.

Tukaandikiana leseni. Inatakiwa iwe kwa maandishi, itiwe saini na wote wawili, na iandikishwe KIPI; maneno ya mdomo hayakufikishi popote. Ananipa shilingi 1,500 kwa kila mashine, anauza upande wa kusini ya kivuko cha Likoni, nami nimeruhusiwa kutumia beringi. Ada ya kila mwaka ya cheti nalipa mimi. Nimeichora tarehe kwa chaki kwenye mlango wa banda, kwa sababu ukiisahau kuna miezi sita ya kulipa pamoja na faini, na baada ya hapo hata yule wa Kwale halazimiki kunipa kitu.

Kijana wa tui ameondoka na kazi ya nyumbani: akae na rafiki yake fundi, waibe kikamulio chake mchana mzima, na kila njia waliyoipata aiandike. Jumamosi ijayo tutaiangalia.

Yule wa Kwale alipita mwezi uliopita na pesa za mashine nne. Nikamwuliza ametengeneza ngapi tangu Ramadhani. Akatazama minazi, akasema nne.

Haya, nne.